Namba Tatu za Kutunga

Kila alasiri baada ya shule, Kidosho alikwenda kwenye maabara ya chuo alikofanya kazi shangazi yake. Shangazi alikuwa akichunguza chembe za buluu, nitrati ya shaba iliyounganishwa na kemikali yenye kaboni. Alizipasha moto kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele, ndani ya tanuri lenye mzani, ili ajue kama zinavunjika taratibu au kwa kulipuka. Kazi ya Kidosho ilikuwa moja: kila joto likipanda nyuzi kumi, aandike uzito uliobaki.

"Usipoona, acha wazi," shangazi alimwonya. "Nafasi tupu haimuumizi mtu."

Siku hiyo wenzake walikuwa wakicheza mpira nje. Kidosho akaenda dirishani, mara moja tu, jamani! Aliporudi, nyuzi thelathini zilikuwa zimeshapita na uzito umeanguka ghafla. Akaona aibu, akatunga namba tatu zinazoshuka polepole, zikapendeza kweli.

Shangazi alisoma daftari akatabasamu. "Kumbe unga wenyewe mpole!"

Kesho yake akapasha kijiko kizima. Tanuri likapasuka kwa kishindo, vipande vikamwingia jicho la kulia.

Hospitalini, mkuu wa maabara alisimama kando ya kitanda na barua mkononi. Hata pole hakutoa.

"Miaka kumi na minane kazini, unapasha kijiko kizima? Huo ni uzembe. Chongo mzembe wa nini kwetu? Kazi basi."

Kidosho alikuwa amejibanza mlangoni. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini shangazi alikuwa analia kwa jicho moja.

"Si yeye," Kidosho akasema akiingia ndani. "Namba tatu nilizitunga mimi. Sikuwepo kwenye mzani."

Mkuu alimkodolea macho, akaikunja barua, akaitia mfukoni. "Kazi yako ipo," akamwambia mgonjwa, kisha akatoka.

Shangazi hakumkumbatia Kidosho.

"Ningejua uzito ulianguka ghafla, nisingethubutu kuongeza hata punje moja," alisema. "Umesema kweli, umeiokoa kazi yangu. Jicho limekwenda, wala kilio chako hakitalirudisha. Usiloliona usiliandike, mwanangu. Kuna mtu ataliamini."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Sasa pita upande huu wa kushoto. Hapo ulipo sikuoni."