Picha ya Saba

Saa nne asubuhi, fundi cherehani alipiga picha sita za gauni la mteja na kuziweka mtandaoni. Alipozitazama tena saa nne na robo, zilikuwa saba. Ya saba ilimwonyesha yeye mwenyewe kwa nyuma, ameinamia cherehani, nayo ilikuwa imepigwa kutoka kitandani.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili, jiko na mtu mmoja. Tangu amzike mumewe, miezi kumi na mmoja iliyopita, alikuwa akiwaandikia watu asiowajua kila alichokifanya: saa ya kuamka, kufuli jipya, upande wa kitanda anaolalia. Kila andiko alilimaliza kwa "Karibuni ndani." Wawili watatu walimjibu, naye akashukuru.

Adhuhuri nyumba ilinuka kitambaa kilichounguzwa. Pasi ilikuwa baridi. Chini ya picha ya saba paliandikwa: "Hujala bado. Chai iko tayari." Alikwenda jikoni akinyata, akakuta kikombe chake mezani kinafuka mvuke, na alipotaka kurudi nyuma kiti kilichokuwa mkabala kikatoa mlio taratibu, jinsi kiti kinavyolia mtu mzito anapokikalia, kisha kikatulia, kana kwamba aliyekikalia amekwishajiweka sawa na sasa anamngoja mwenyeji wake.

Alimpigia simu wifi yake, na saa tisa wifi akamleta mganga.

"Wifi, mbona mlango uko wazi?"

"Nilitia kufuli," alinong'ona.

Mganga hakuomba ubani, aliomba simu. Alipekua kwa muda mrefu.

"Mwanangu, wengine majini huwaingilia kwa hila. Huyu wako umempokea kama mgeni rasmi. Mpaka kitanda umemwonyesha!"

"Nilikuwa nazungumza na watu tu."

"Watu gani? Nitajie watatu."

"Sijui jina la hata mmoja," alisema, akiipokea simu yake.

"Basi futa vyote ulivyoviweka humo, kimoja kimoja, kwa mkono wako, ukiwa peke yako, maana uliyekaribisha ni wewe. Kikibaki kimoja, hatoki. Sisi tuko uani."

Alifuta. Kila picha ilipoondoka, hatua moja ilisikika ikirudi nyuma, kutoka jikoni hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi kizingitini, na ile harufu ikapungua, hata saa kumi na moja likabaki andiko moja tu, la wiki ya kwanza ya ujane, alipowaandikia wale asiowajua jina ambalo mumewe alimwita wakiwa wawili tu: "Leo hakuna wa kuniita Kiduchu."

Kidole kilisita.

Kizingitini mtu alikohoa, kikohozi kilekile cha marehemu.

"Kiduchu," sauti ilisema kwa upole, "kweli nitoke?"

"Umemaliza, wifi?" sauti nyingine iliuliza kutoka uani.

Fundi aliitazama nyumba ya vyumba viwili.

"Nimemaliza," akajibu kwa sauti kubwa. Kisha akaizima simu, akageuka kuelekea kizingitini, na kusema polepole:

"Abee, mume wangu."