Laptop ya Evodia

Siku ile ya Ijumaa Lea alitoka kazini Mtumba akiwa na karatasi mfukoni, akashuka Dodoma mjini, akamkuta mdogo wake Brightness akimsubiri nje ya duka la Thomas, pale Majengo. Jua lilikuwa linazama. Upepo ulisukuma mifuko ya nailoni barabarani, na wenye maduka walishaanza kuingiza vitu ndani.

Karatasi ile ilikuwa na maswali kumi na tisa. Lea alikuwa ameyaandika kwa wiki mbili, kwa kalamu mbili: nyeusi kwa yale ya kawaida, nyekundu kwa yale ambayo jibu baya lingemfanya ageuke na kuondoka. Brightness alikuwa na miaka kumi na saba. Mwezi uliofuata alikuwa anaanza chuo, kozi ya maabara, na hii ingekuwa laptop yake ya kwanza. Mama yao alikuwa Same, mgonjwa wa miguu. Alimpandisha mtoto basi na kumwambia Lea kwenye simu maneno mawili tu: "Nitunzie huyo."

Lea aliyachukua maneno yale kama alivyochukua kila kitu. Kwa orodha.

"Hii hapa, dada," Thomas alisema, akitoa laptop ya kijivu chini ya meza. "Imetumika, lakini na mtu mmoja tu. Binti wa chuo. Alikuwa anaitunza kama yai."

"Betri inakaa muda gani?"

"Saa nne na ushee."

"Nitapima mwenyewe."

Thomas akacheka. "Wewe ni polisi?"

"Kaka, mzoee tu," Brightness alisema. "Huyu hata nyanya anaziuliza zimelala wapi jana."

Lea hakucheka. Alifungua na kufunga kioo mara ishirini, akisikiliza bawaba. Alimulika matundu ya chaji kwa tochi ya simu. Alibonyeza kitufe kimoja kimoja, vyote, na kati ya vitufe akaona kitu cheusi kimeganda. Akakikwangua kwa ukucha.

"Vumbi hilo," Thomas alisema.

Lea alinusa ukucha wake. Halikuwa vumbi. Lilikuwa tope, na lilinuka majani yaliyooza kwenye maji.

Hilo halikuwemo kwenye orodha, kwa hiyo akaendelea.

Laptop ilipowaka, kioo kilionyesha jina la mwenye akaunti. Evodia.

"Nikupigie Windows upya?" Thomas aliuliza. "Nafuta kila kitu. Dakika arobaini."

Hapa ndipo Lea alipokosea, na alikosea kwa sababu ya umakini wake. Alijua kwamba Windows iliyokuwemo ilikuwa halali, ilitoka na mashine kiwandani. Ya Thomas hakujua imetoka wapi.

"Acha kama ilivyo," alisema. "Nitabadilisha jina tu."

Akalifuta lile jina, akaandika Brightness. Akathibitisha. Feni ya ndani, ambayo muda wote ilikuwa kimya, ikazunguka na kutoa hewa... ndefu... kama mtu aliyekuwa amebana pumzi.

Lea aliibeba kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mikono ya mdogo wake.

"Haya. Kuanzia leo ni yako."

Katika maswali yote kumi na tisa, hakuna lililouliza kwa nini huyo binti wa chuo haihitaji tena.

*

Walipanga vyumba viwili Nkuhungu, kwenye nyumba ya Mama Mazengo, mjane wa Kigogo aliyekaa chumba cha mbele na kujua kila aliyeingia na kutoka.

Jumapili jioni Lea aliona tope tena kati ya vitufe. Akalisafisha kwa pamba za masikio na spiriti mpaka pakang'aa. Jumatatu lilikuwepo. Lilikuwa bichi.

"Umeipeleka wapi hii?"

"Haijatoka humu ndani, dada."

Na kweli haikuwa imetoka. Mvua nayo ilikuwa haijanyesha Nkuhungu kwa siku tisa. Lea alikuwa anahesabu.

Jumanne umeme ulikatika saa moja kasoro, nyumba ikawa giza. Lea alikuwa anapapasa kiberiti jikoni aliposikia.

Ta... ta-ta... ta.

Mtu anaandika.

Alisogea mlangoni. Brightness alikuwa amekaa kitandani na laptop mapajani. Kioo kilikuwa cheusi. Waya wa chaji ulikuwa umening'inia ukutani, na betri ilikwisha tangu mchana, Lea mwenyewe aliiona ikizima. Lakini vidole vilikuwa vinakwenda, vyepesi, bila kusita. Chumba kizima kilinuka tope.

"Brightness?"

Vidole vikasimama.

"Unaandika nini gizani?"

"Barua."

"Kwa nani?"

"Kwa mama." Ilikuwa sauti yake, ile ile. "Hajui niko wapi."

Na mama yao walikuwa wameongea naye asubuhi.

Jumatano Lea alirudi kutoka kazini akakuta chakula tayari. Brightness alikuwa amepika mlenda. Brightness, ambaye tangu afike Dodoma alikuwa akisema ule uteute unamtia kichefuchefu. Sasa alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anaukoroga kwa mkono wa kushoto, na karanga zilizotwangwa ziko pembeni.

"Nani amekufundisha?"

"Kwani unafundishwa?"

Brightness hakuwahi kutumia mkono wa kushoto. Usiku Lea aliandika kwenye daftari lake: *tope, siku ya nne. Mkono wa kushoto. Mlenda, na karanga.*

Alhamisi jioni Mama Mazengo alimsubiri getini. Hakuwa na kawaida ya kusubiri mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lea, mdogo wako amejifunza Kigogo lini?"

"Hajui Kigogo, mama. Ana miezi miwili tu hapa."

Mama Mazengo akaishika khanga yake kifuani. "Leo kaniamkia *mbukwa*. Nikaitikia, nikadhani anatania, vijana wana utani. Basi akakaa, tukaongea mpaka nikasahau sufuria motoni. Kigogo cha upande wa Bahi, cha watu wa majaruba ya mpunga kabisa. Nikamuuliza, mwanangu, unangoja nini hapa barazani? Kaniambia..."

Akageuka kuangalia baraza.

"Amekwambia nini?"

"Kwamba anangoja Jumamosi. Matanga yake yanaanuliwa."

Lea akaliegemea geti. Akasimulia yote pale pale getini: duka, tope, jina. Mama Mazengo alisikiliza bila kukatiza, isipokuwa mara moja.

"Ulifuta jina kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Ukaandika la mdogo wako? Ukampa, ukamwambia ni yako?"

"Ndiyo, mama."

"Ee Mungu." Alisema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. "Kwetu kitu cha marehemu hakitoki ndani kabla ya matanga kuanuliwa. Siku hiyo vitu vyake vinatandazwa mkekani, ndugu wanakaa, anachaguliwa mmoja wa kulibeba jina. Anakabidhiwa kitu mikononi, anaambiwa, kuanzia leo ni chako. Nawe umeyafanya hayo dukani, na mtoto wa watu wengine."

"Nifanye nini?"

"Irudishe kabla mkeka haujakunjwa. Jina liandikwe tena lilivyokuwa. Halafu mama mzazi wa marehemu atamke kwamba huyo wenu anamwachia. Lazima atamke mwenyewe. Mtu mwingine hawezi kumsemea."

*

Thomas hakubisha. Ijumaa, alipomwona Lea mlangoni, aliweka bisibisi chini.

"Aliileta baba mdogo wa yule binti," alisema. "Alisema ni ya mtoto wa nyumbani. Nilijua kuna msiba, dada. Sikuuliza zaidi." Akamwelekeza kijiji, ng'ambo kidogo ya Bahi. Evodia alikuwa ametumwa majarubani Februari, kwenye ile mvua kubwa, kufungua maji yasivunje kingo. Walimpata siku ya pili.

Jumamosi Lea alimwambia Brightness anaitwa ofisini. Laptop aliitia kwenye begi la kazi wakati mdogo wake anaoga. Mama Mazengo akakubali kukaa naye barazani.

Basi liliharibika njiani. Alipopata bodaboda pale Bahi, jua lilikuwa limeshainama juu ya mpunga, na maji ya majaruba yamekuwa mekundu pande zote. Harufu ile ilimfikia kabla hawajaacha lami.

Aliijua. Alikuwa ameilalia wiki nzima.

Nyumba haikuhitaji kuulizwa. Watu walikuwa wamekaa uani, vichwa vimenyolewa. Katikati mkeka ulikuwa bado umetandazwa. Vitu vilikuwa vimeshagawiwa, sketi, viatu, godoro, kila mwenye chake amekishika mapajani. Lakini hakuna aliyeinuka.

Walikuwa wamebakiza kimoja.

Lea alipiga magoti, akatoa laptop kwenye begi, akaiweka mkekani. Mwanamume mmoja kwenye kona akaangalia chini, na hakuangalia juu tena.

"Shikamoo mama," Lea alisema. Hakuonyeshwa yupi. Alimjua kwa jinsi alivyokuwa ameacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake.

"Marahaba." Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini. "Ndiyo yenyewe. Nilimnunulia mimi. Tulizunguka maduka siku tatu, anachagua, mimi sijui hata inawashwaje." Akaigusa kwa kidole. "Jina gani limo humo sasa?"

"La mdogo wangu, mama. Niliandika mimi. Sikujua."

"Andika la mwanangu."

Lea akaiwasha. Alikosea mara mbili, yeye ambaye hakuwahi kukosea kuandika jina la mtu. Evodia. Akathibitisha. Feni ikavuta hewa ndani... ikasimama.

Chura mmoja alianza kulia majarubani, akaacha.

"Sasa tamka, dada," mwanamke mmoja alimnong'oneza yule mama. "Mwachie mtoto wa watu."

Mama Evodia alifungua mdomo. Akamtazama Lea.

"Huyo mdogo wako," alisema. "Anapika?"

"Anapika."

"Mlenda?"

Lea angeweza kudanganya. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakudanganya. "Ndiyo, mama."

"Anaweka karanga?"

"Anaweka."

"Kwa mkono wa kushoto."

Machozi yalikuwa yanamtoka yule mama bila sauti, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho Lea alikiogopa kuliko tope, kuliko vidole gizani. Ilikuwa furaha.

"Mama, nakuomba," Lea alinong'ona. "Na mimi nimekabidhiwa. Mama yangu aliniambia nimtunze."

"Najua, mwanangu. Najua." Alifunga laptop polepole, akaipakata. "Nimechoka leo. Nitatamka kesho."

"Mkeka, dada," yule mwanamke alisema. "Mkeka unakunjwa leo."

"Nimesema kesho."

Hakuna aliyebisha. Nani angembishia? Jua likazama, na mmoja mmoja wakaanza kuinuka, na mkeka ukakunjwa.

*

Lea aliingia Nkuhungu saa mbili na nusu. Mama Mazengo alikuwa barazani, macho makavu kwa kulinda mchana kutwa.

"Ametamka?"

"Amesema kesho."

Mama Mazengo akainuka. Akaingia chumbani kwake, na Lea akasikia komeo linasukumwa.

Ndani taa ilikuwa inawaka. Brightness alikuwa amekaa kitandani, amejifunga khanga, anachana nywele zake kama kawaida. Meza ilikuwa tupu. Hapakuwa na tope, hapakuwa na harufu. Lea alinusa mara tatu, kwa uangalifu, kama mtu anayekagua gesi. Sabuni. Mafuta ya nywele. Basi.

Akaegemea mlango. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile mabega yake yalishuka.

"Pole na kazi, dada," Brightness alisema. Mkono wake wa kulia ndio ulioshika kitana. Lea aliangalia vizuri. Wa kulia.

"Asante. Laptop... nimeirudisha kwa Thomas. Ilikuwa na hitilafu. Tutatafuta nyingine."

"Sawa."

Alipitisha kitana mara moja tena, kutoka utosini hadi shingoni. Kisha akakihamishia mkono wa kushoto, bila haraka, kama mtu anayehamisha kikapu akichoka.

"Amesemaje mama?"

Lea hakuwa amemwambia mtu yeyote humu ndani anakwenda wapi, isipokuwa Mama Mazengo. Na huenda Mama Mazengo aliropoka, alijiambia. Huenda.

"Mama gani?" aliuliza.

Brightness akatabasamu, kwa upole, kama mtoto anayemhurumia mkubwa.

"Amekwambia atatamka kesho," alisema. "Hatatamka, dada. Mimi namjua."

Akaendelea kuchana nywele.