Namba Sita Juu ya Nota

Hamjambo nyote, mliokaa na mliosimama. Naomba kimya. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii inataka masikio mawili mazima.

Palikuwa na mpiga piano mmoja, mwanamke, watu wakimwita Vidole. Alianza kupiga piano akiwa kitini miguu haijafika sakafuni, na kwa miaka thelathini na minne kumbi kubwa zilijaa kwa ajili yake. Lakini mwili si chuma. Mwaka ule kidole chake cha pete, mkono wa kulia, kilianza kugoma, na ukurasa wa tisa wa muziki wake mpya ukamshinda kabisa. Meneja wa ukumbi alimwambia bila kupepesa macho: "Jumamosi ukikosea tena, mama, nafasi yako nampa mwanafunzi wako."

Jumatatu asubuhi, chai bado ya moto, akafungua kitabu cha nota. Wapiga piano huandika namba kwa penseli juu ya nota ili wajue kidole gani kipige wapi: moja ni dole gumba, tano ni kidole cha mwisho. Ukurasa wa tisa ulikuwa umeandikwa namba sita.

"We mtoto!" akamwita mdogo wake, aliyeishi naye na kumgeuzia kurasa jukwaani. "Umeniongezea kidole?"

"Dada, mimi hivyo vidudu vyako sivijui hata kimoja. Najua kugeuza tu ukinyanyua kidevu."

Wakacheka. Mwalimu wake wa kwanza, mzee mkali, alikuwa amemfunza hivi: usifute namba kabla hujaipiga. Basi akaipiga. Ukurasa ukatiririka kama maji. Pembeni ya kidole chake cha mwisho akahisi baridi, kama mtu ameweka cha kwake hapo, na chumba kikanuka waya uliopata moto.

Alipaswa kufunga kitabu. Hakufunga. Mwenye njaa haulizi nani kapika.

Jumanne zile namba za sita ziliongezeka. Jumatano zilijaa ukurasa mzima, na namba nne, ya kidole cha pete, ilikuwa imefutwa kila mahali, na kidole chenyewe kikafa ganzi, kikawa baridi kama cha maiti. Alhamisi ikafutwa tatu, cha kati kikafuata. Ijumaa ikafutwa mbili, naye akakaa mbele ya kinanda mchana kweupe, jua dirishani, majirani wakianika nguo, akiutazama mkono wenye vidole viwili hai ukipiga nota ambazo vidole viwili haviwezi kupiga, tena vizuri kuliko alivyowahi kuzipiga maishani.

"Dada, tumwite mtu," mdogo wake akanong'ona.

"Nimwambie nini? Nimeibiwa vidole?"

Jumamosi, saa moja kabla ya onyesho, fundi wa vinanda wa ukumbi ule alimaliza kukaza nyuzi, akaja kumsalimia chumba cha nyuma. Alipoushika mkono ule akauachia upesi.

"Nani kakuandikia namba?"

"Sijui, baba."

"Na umezipiga?"

"Nimezipiga."

"Basi umemkaribisha mwenyewe. Huyo jini hana mkono, anajenga wa kwake kwa vidole vya watu. Mimi nasoma dua, wewe futa hizo namba za sita zote, kwa mkono huohuo uliopiga. Asikusaidie mtu. Akifuta mwingine, jini anahamia kwake."

Fundi akakaa mlangoni, macho kayafumba, akisoma kwa sauti, haoni wala hasikii. Vidole akafuta, raba ikianguka, akiiokota, ikianguka tena. Kengele ikalia. Zilibaki namba nne tu. Mdogo wake akaingia mbio.

"Bado tu? Watu wamejaa! Lete nikusaidie."

Vidole akafungua mdomo. Akaufunga. Akampa raba.

Kila namba ilipofutika, damu ilirudi kwenye vidole vyake, ya moto, tamu, mpaka akalia.

Jukwaani alipiga kama msichana. Alipofika mwisho wa ukurasa wa nane akanyanyua kidevu, mdogo wake akasimama, akanyoosha mkono, lakini mkono haukwenda kwenye karatasi, ulishuka polepole mpaka kwenye kinanda, pembeni kabisa ya kidole cha mwisho cha dada yake, ukaanza kupiga ukurasa wa tisa, bila kosa hata moja, mkono wa mtu asiyejua hata wimbo wa watoto, na harufu ya waya wa moto ikapanda, na ukumbi mzima ukazuia pumzi kwa uzuri wa sauti ile.

"Dada," mdogo wake akanong'ona, "nishike mkono. Si mimi ninayepiga."

Na Vidole, mwenye vidole vitano vizima, hakuthubutu kuacha kupiga.

Mimi nanyanyuka, njia yangu ndefu. Tutakaa tena siku nyingine, Mungu akipenda. Leo nendeni, kila mtu amshike ndugu yake.