Nilikuwa Naongea na Mungu, Si na Wewe

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, na wingu lilikuwa limeinama karibu kugusa mabati. Nilikuwa mlangoni nafungua mwavuli niende kazini, simu ikaita. Mume wangu.

— Mke wangu, umeamkaje?

— Salama. Kazi huko?

— Leo tunafunga televisheni ya arobaini. Hoteli ni kubwa hii! Sasa sikiliza, huo mtihani wa Ijumaa usikunyime usingizi. Hata ukiaibika mbele ya wale vijana, mimi nipo.

Mwavuli ukanidondoka.

Maneno hayo, kuaibika mbele ya vijana, sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Niliyasema saa moja kabla, nikiwa nimepiga magoti sebuleni peke yangu. Mume wangu alikuwa mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi.

— Nani kakwambia naogopa kuaibika?

— Nimehisi tu. Mume na mke ni mwili mmoja.

— Mwili mmoja, masikio mangapi?

Akacheka, akakata simu.

Mimi ni dobi wa hospitali. Nilirudi darasani nikiwa na miaka thelathini na tisa, masomo ya jioni, na mtihani wa mwisho ulikuwa Ijumaa hiyo saa kumi na moja jioni. Mapokezi walishaniambia wanahitaji karani: nilete cheti tu.

Nilipofika chumba cha kufulia, msimamizi wetu, tunayemwita Bibi Zamu, alinipokea kwa huruma.

— Pole, dada. Shule si mchezo kwa umri wetu. Umefanya vizuri kuacha.

— Nani kaacha?

— Si wewe? Mumeo alinipigia jana. Kasema umechoka ila unaona haya kuniambia, nikuweke zamu ya jioni. Nimeshakuandika, kuanzia kesho hadi Jumamosi.

— Bibi, Ijumaa jioni nina mtihani!

— Mwenzio wa jioni nimeshamhamishia mchana. Mimi si kinyonga wa kubadilika kila saa. Aliyeniambia ni mumeo, aje aniambie yeye.

Siku hiyo nilipiga pasi shuka sitini na sikumbuki hata moja.

Nyumbani nilimkuta wifi yangu, mdogo wake mume wangu, amejinyoosha kwenye kochi akiamrisha hewa.

— Washa televisheni! Cheza tamthilia yangu, sehemu ya thelathini!

Kispika kilichokuwa kando ya televisheni kikaitika kwa adabu, na picha ikatokea. Mume wangu alikifunga kabla ya kusafiri. Ni cha duara, kimo cha kopo la maziwa, na kinaongea na kijiti kilichochomekwa nyuma ya televisheni. Nami nilikipenda, sikatai. Mikono ikiwa na unga nasema tu, "Cheza somo la asilimia," na mwalimu anatokea kwenye kioo. "Rudisha nyuma dakika mbili," anarudi bila kununa.

— Wifi, kaka yako anajuaje ninachoomba?

Akakaa wima.

— Si kupitia hicho? Anaingia kwa simu yake. Juzi niko hapa natazama, nasikia sauti ya kaka inatoka humo: "We, zima hiyo tamthilia ukaoshe vyombo!" Nusura nizimie. Akiwa humo, taa yake inakuwa ya kijani.

— Na hukuniambia?

— Nilijua unajua! Nikasema, labda ndiyo mapenzi ya kisasa.

— Mapenzi gani ya kunyemelea?

— Basi mtege. Kesho omba uongo. Sema, "Ee Mungu, asante kwa yule bwana mpya." Uone kama hajapanda basi kabla ya chai.

— Nimdanganye Mungu ili nimnase fundi televisheni? Siwezi.

Jumatano alfajiri nilipiga magoti palepale. Kabla sijafumba macho, taa ikawa ya kijani. Niliongea polepole.

— Baba wa mbinguni, asante kwa kuniamsha. Hapa kuna mtu anasikiliza. Unamjua, nami namjua. Kama amepata ujasiri wa kunisikiliza, mpe na ujasiri wa kuitikia amina.

Friji ikanguruma, ikanyamaza.

— ...Amina, — kispika kikasema kwa sauti ya mume wangu.

Nikasimama.

— Tangu lini?

— Tangu nifike huku. Nilikukumbuka, nikataka kusikia sauti yako.

— Ungepiga simu!

— Kwenye simu huniambii kitu. "Salama, salama." Mungu unamwambia yote.

Hilo lilinichoma, maana lilikuwa na ukweli. Lakini ukweli wake haukumpa ruhusa.

— Na Bibi Zamu?

Akavuta pumzi ndefu.

— Jumapili nilisikia unasema mimi ni kikwazo.

— Niliomba nisamehewe kwa kukuona kikwazo! Ulisikia nusu ukakimbilia simu. Hata amina hukungoja!

— Moyo uliniuma, mke wangu. Nikaona ukishika cheti, utaniona takataka.

— Miaka minne! Mchana nafua shuka za wagonjwa, jioni nakaa benchi moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Wewe umelala kwenye godoro la hoteli, ukaivunja yote kwa simu moja. Ukanipakazia kwamba naona haya. Haya ya nini? Nimemwibia nani?

— Nampigia Bibi Zamu sasa hivi.

— Usithubutu. Simu umezizoea. Utakuja mwenyewe, useme ukiwa umesimama mbele yake.

Nikachomoa waya.

Saa nne ujumbe ukaingia: "Nimepanda basi. Nisamehe mpenzi."

Nikamjibu: "Kukusamehe bado. We njoo."

Saa kumi na moja jioni nilikuwa kwenye mashine za kukaushia, mvuke hadi darini, wenzangu saba wakikunja shuka. Mume wangu akaingia na begi lake begani. Nyuma yake wifi, na nyuma ya wifi, mama mkwe. Kumbe wifi alikwenda kumchukua.

— Bibi, — mume wangu alianza, — mke wangu hajaacha shule. Nilikudanganya.

— Kwa nini?

Akanitazama. Sikumsaidia.

— Nilimsikiliza akiomba, kwa siri. Nikaogopa atanizidi.

Mashuka yalisimama mikononi mwa watu. Mama mkwe akamsogelea.

— Baba yako na mimi tulikaa chumba kimoja miaka thelathini, pazia tu katikati yetu na ninyi. Nani alikufundisha kutega sikio mtu akisali?

— Hakuna, mama.

— Na huyu akikuacha leo, nitambebea mzigo wake mimi mwenyewe.

Mwenzangu mmoja, mpika chai wetu wa zamu, akainua mkono.

— Bibi, Ijumaa nitasimama mimi kwenye nafasi yake. Ila huyu bwana asitoke bure.

Bibi Zamu akafuta jina langu la Ijumaa kwenye ubao wa zamu, akaandika la mpika chai. Nikaacha mashine, nikasogea mbele.

— Nakupenda, — nilimwambia mume wangu, — na ndiyo maana nimekasirika hivi. Hukunisaliti kwa mwanamke. Uliingia mahali ambapo hata mama yangu sikumwingiza. Nikufungulie mlango leo au uende na mama yako, inategemea utakachosema hapa, mbele ya hawa.

Akaweka begi chini. Akanong'ona kitu.

— Hatujasikia! — wifi akapaza sauti. — Huyu kaka yangu, leo ndiyo amekosa sauti!

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaniangalia usoni, machozi yakimlenga, akasema kwa sauti iliyoshinda mashine zote:

— Naahidi, mbele ya mama yangu na ninyi nyote: sitasikiliza tena neno la mke wangu ambalo hakuniambia mimi. Nikitaka kujua kilicho moyoni mwake, nitamuuliza. Asipotaka kujibu, nitangoja.

Nikaokota begi lake, nikampa ufunguo wa nyumba.