Kindi wa Mkwajuni

Mahindi yakishapandwa, watoto wa kijiji cha Nkololo hawana usingizi wa asubuhi. Jua likichomoza wako shambani na madebe, wakigonga na kupiga kelele ili kindi wasifukue mbegu. Anna Mayige, mwanafunzi wa darasa la sita, aliiona kazi hiyo kuwa mateso matupu. Jumamosi ile alilinda kidogo tu, akasikia wenzake wakiruka kamba kwa jirani. Akalitupa debe na kuwafuata.

Aliporudi, mistari ya mahindi iliyo karibu na mkwaju ilikuwa imefukuliwa yote. Baba yake alikuja, akashika kiuno.

"Anna, nani kafanya hivi na wewe upo?"

Anna aliwajua kindi vizuri. Wiki ile ile Mwalimu Ndalahwa alikuwa amewafundisha kwamba kindi ni ukoo mmojawapo wa wanyama wagugunaji, na kwamba ukoo huo una aina nyingi, hata wale wa Asia wanaopaa kutoka mti hadi mti. Hapa kijijini waliozoeleka ni wa aina mbili. Kindi wa ardhini ni mkubwa, ana manyoya magumu na mstari mweupe ubavuni. Huishi mashimoni na ni bingwa wa kufukua mbegu. Kindi wa mtini ni mdogo, rangi ya majani makavu, na muda wake mwingi yuko matawini akitafuta matunda na wadudu. Katika jaribio la somo hilo Anna alipata maswali yote.

Lakini kindi wa ardhini angetoka kwenye kichuguu, ng'ambo ya shamba, akavuka mahali peupe. Mlinzi yeyote angemwona, na baba angejua kwamba Anna hakuwepo. Kwa hiyo Anna aliwasingizia wale wa mtini.

"Ni hawa wa mkwajuni, baba. Wameshuka ghafla, nimewaona kwa macho yangu."

"Basi nitawakomesha," baba alisema.

Alichukua dawa ya pamba iliyobaki stoo, sumu ya kuulia wadudu, akaloweka mahindi ndani yake, akayamwaga chini ya mkwaju na kumwonya kila mtu asisogee pale. Anna alitaka kusema ukweli, akaacha. Alijiambia kuwa hao ni kindi tu.

Kesho yake, baada ya kutoka kanisani, alisikia harufu ya nyama nyuma ya zizi. Mdogo wake Violeth, mtoto wa miaka sita, alikuwa amechuchumaa mbele ya moto. Juu ya makaa palikuwa na kindi mdogo. Wachunga ng'ombe walishamfundisha Violeth kuchoma windo, ila hakuna aliyemfundisha kuuliza windo limekufaje.

"Umemtoa wapi huyo?"

"Nimemwokota njiani. Njoo ule, dada. Mimi nimekula mguu."

Anna alipiga yowe. Pikipiki ilipopatikana, Violeth alikuwa ameshaanza kutokwa na mate na jasho, akijikunja kifuani kwa mama yao. "Mayu, tumbo!" alilia, akimwita mama. "Mayu!" Mama alimkumbatia kwa nguvu.

Katika zahanati, daktari aliuliza mtoto amekula nini. Baba alijibu akiwa ameinamisha kichwa. Wakabaki kwenye benchi, kila mtu na hofu yake, hadi jioni daktari alipotoka.

"Mmemuwahisha, atapona," alisema. "Lakini dawa ya pamba ni ya pamba. Msiigeuze mtego tena."

Baba alijifuta uso. "Nikirudi naukata ule mkwaju. Hao kindi wamenimalizia mbegu, na sasa nusura waniulie mtoto."

Anna alimtazama Violeth aliyelala na dripu mkononi. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini hakuweza tena kunyamaza.

"Baba, si wao," alisema akilia. "Sikuwaona. Sikuwepo, nilikwenda kuruka kamba. Wanaofukua mbegu ni wale wa kwenye kichuguu, na nilijua."

Mama aligeukia ukutani.

"Sumu niliiweka mimi," baba alisema, "na kosa hilo ni langu. Lakini sikiliza, mwanangu. Nilipokutuma kulinda, nilikupa macho yangu. Ukisema umeona, na mimi nimeona, nami natenda. Mbegu tutapanda nyingine. Wewe usiseme tena kwamba umeona kitu ambacho hukukiona. Hukujua uongo ule ungemfikia nani, na umemfikia mdogo wako."

Violeth alirudi nyumbani akiwa amekonda. Baba alizoa yale mahindi na kindi waliokufa kwa koleo, akavifukia kwenye shimo refu mbali na kisima. Kisha wakapanda upya.

Asubuhi ya kwanza ya kulinda, baba alikwenda shambani pamoja na Anna. Mkwaju ulikuwa kimya. Hapakuwa na kindi hata mmoja matawini, na Anna aliona uchungu kuutazama. Mara kule kwenye kichuguu kikachomoza kichwa, kisha mwili wenye mstari mweupe ubavuni.

"Umemwona?" baba aliuliza.

"Nimemwona, baba."

"Haya, gonga debe."