Kipimo cha Sahani ya Baba

Siku za shule Gatwiri hakuhitaji saa ya kumwamsha. Tuk-tuk ya baba yake ilikohoa nje ya mlango, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikanguruma hadi vikombe vikagongana kabatini. Papo hapo mama yake, Gladys, akaita kutoka jikoni, "Gatwiri! Chai inapoa, na baba yako hakungoji!"

Maneno hayo ya mwisho hayakuwa ya kweli. Mutembei, baba yake, alimngoja kila siku. Alimpakia akampeleka shuleni, umbali ambao Gatwiri angeweza kuutembea bila kutokwa na jasho, kisha akaenda kutafuta abiria katikati ya mji wa Meru. Kutwa nzima alikuwa ameketi. Mchana aliagiza aletewe chipsi na soda, akala akiwa palepale kwenye kiti, mkono mmoja juu ya usukani. Jioni aliporudi nyumbani, mtaa wa Makutano, alipanda ngazi za nyumba yao akishika ukuta, akasimama katikati ili avute pumzi.

Gatwiri alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alimkumbuka baba mwingine kabisa. Alimkumbuka baba wa Nchiru. Wakati huo waliishi katika chumba kimoja karibu na hosteli za wanafunzi wa chuo kikuu, na Mutembei aliwauzia wanafunzi maji kwa mkokoteni. Kabla ya kazi alimshika Gatwiri mkono wakatembea pamoja hadi shule ya chekechea. Njiani walisimama kutazama ndege wakisuka viota, wakachuma matunda ya porini, wakabishana kama mawingu yaliyofunika Mlima Kenya yalifanana na kondoo au na mzee mwenye ndevu. Walipokaribia lango la shule, baba yake alisema, "Haya, wa mwisho ni konokono!" wakakimbia. Chumba kilikuwa kidogo na mvua ilipenya paani, lakini Gatwiri alipokumbuka siku zile moyo wake ulijaa joto.

Mwezi wa sita, Mutembei alianza kuumwa na kichwa kila asubuhi. Alipokwenda hospitalini alipimwa, akaambiwa shinikizo la damu lilikuwa juu. Daktari alimpa dawa ya kumeza kila siku na kumwambia apunguze uzito. Tena akampangia siku ya kumwona mtaalamu wa lishe, baada ya majuma kadhaa.

"Majuma kadhaa ni mbali," Gatwiri alisema jioni hiyo. "Baba, tunaweza kuanza leo. Shuleni tumefundishwa kuhusu kalori. Ni kipimo cha nguvu ambazo chakula kinaupa mwili. Ukila nyingi kuliko unazotumia, zinageuka mafuta."

"Na mimi nimehifadhi mafuta ya kukaangia mtaa mzima," Mutembei alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Haya, mwalimu wangu. Nipangie."

Gatwiri aliiomba simu ya mama yake, akaweka humo programu ya kuhesabu kalori. Ilimuuliza umri wa baba, urefu, uzito na aina ya kazi. Kisha ikaleta kiwango cha kalori za siku moja na kueleza kwamba akikifuata angepunguza karibu nusu kilo kwa wiki.

Nusu kilo! Gatwiri alimtazama baba yake aliyekuwa akihangaika kuinama afungue kamba za viatu. Kwa mwendo huo, mwaka mzima ungekwisha kabla hajapona. Alikifuta kile kiwango akaandika chake mwenyewe, kisichofika hata nusu. Maandishi mekundu yakatokea, yakionya kwamba kiwango hicho kilikuwa cha chini mno. Gatwiri alisita kidogo, kisha akabonyeza pa kuendelea.

Tangu siku hiyo sahani ya Mutembei ilibadilika. Asubuhi alipewa chai ya rangi bila sukari na nusu ndizi. Jioni alipewa sukuma wiki na kipande cha kiazi cha nduma kisichojaza kiganja. Alfajiri alikimbia barabarani kuelekea msitu wa Gitoro, jasho likimtiririka, na vijana wa boda boda wakimpigia kelele, "Mzee, unakimbizwa na nani?"

"Baba Gatwiri," Gladys alisema siku moja akitazama sahani ile, "mtu mzima anakula kama kifaranga? Hii si sawa."

"Mtoto amesoma haya mambo," Mutembei alijibu kwa sauti iliyochoka. "Na uzito unashuka. Si uliona kwenye mizani?"

Ni kweli, ulikuwa unashuka, tena kwa kasi. Gatwiri alifurahi kiasi kwamba hakutaka kuona mambo mengine. Hakutaka kuona kwamba baba yake alikuwa akikasirika kwa jambo dogo, wala kwamba jioni alilala kitini kabla ya habari kuanza. Usiku mmoja Mutembei alikula mandazi yote yaliyobaki chini ya kifuniko, na kesho yake, kwa aibu, akakimbia mara mbili na kukataa hata ile nusu ndizi.

Ilikuwa siku hiyo hiyo shule zilipofungwa kwa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula. Mutembei alikuja kumchukua Gatwiri. Ndani ya tuk-tuk alikuwemo abiria, Mama Nelius, aliyekuwa akipeleka vikapu vya ndizi mbivu sokoni Gakoromone. Gatwiri alijibana kando yake. Walikuwa wakiteremka polepole alipoona kichwa cha baba yake kikiinama, kikainuka, kikainama tena.

"Baba?"

Mikono ya Mutembei ililegea kwenye usukani. Tuk-tuk iliyumba kushoto, ikapanda ukingo wa barabara, ikajitumbukiza mtaroni na kulala kwa ubavu. Ndizi zikamwagika. Mama Nelius akapiga ukemi, "Mungu wangu! Shikeni mtoto!"

Watu walikuja mbio wakawatoa mmoja mmoja. Mama Nelius alichubuka kiwiko, Gatwiri hakuumia. Mutembei alikuwa amekaa juu ya nyasi, uso umempauka, midomo ikitetemeka. "Giza," alisema. "Niliona giza tu." Mama Nelius, badala ya kulia juu ya ndizi zake, aliokota moja iliyosalimika, akaimenya na kumpa. "Kula, Baba Gatwiri. Nilikuona tangu tulipoanza safari, mikono inatetemeka. Una njaa wewe."

Gatwiri alisimama pale na begi lake la shule mgongoni, akilia kimya kimya.

Hospitalini walimpima Mutembei wakampumzisha, na asubuhi iliyofuata familia nzima iliitwa kwa mtaalamu wa lishe. Aliitwa Bi Safiya, mwanamke wa makamo mwenye hijabu ya kijani na sauti ya upole. Kabla hajauliza lolote, Gatwiri alisema, "Ni mimi, Daktari. Programu ilinionya nikapuuza. Nilitaka apone haraka."

"Asante kwa kusema," Bi Safiya alimwambia. "Sasa nitajua pa kuanzia. Umewahi kuona jiko la mtu anayeuza chai? Hata mteja hajafika, makaa lazima yawake. Mwili ni vivyo hivyo. Baba akiwa amelala fofofo, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, damu inazunguka. Kazi hiyo yote inataka kalori. Wewe ulinyima jiko makaa, kisha ukalitaka lichemshe sufuria kubwa. Tena alikuwa anameza dawa ya shinikizo, akikimbia bila kula. Angeweza kufia barabarani, na kufa na wenzake."

Gatwiri aliinamisha kichwa. Mutembei akamwekea mkono begani. "Kosa ni langu pia, Daktari. Mimi ndiye mtu mzima. Mke wangu alinikanya."

"Basi tusahihishe," Bi Safiya alisema. "Kiwango cha kalori hutegemea mtu: umri wake, uzito wake, kazi yake. Cha dereva si cha mchuma majani chai, na cha baba si cha mtoto. Wewe, Gatwiri, bado unakua, usijiwekee kiwango chochote. Kwa baba, tunapunguza kidogo tu chini ya anachotumia kwa siku. Nusu kilo kwa wiki si aibu. Uzito ulioingia kwa miaka hautoki kwa mwezi."

"Na mbio?" Mutembei aliuliza. "Nilidhani nikikimbia sana, nitakuwa nimelipia mandazi."

Bi Safiya alicheka. "Wengi hudhani hivyo. Nusu saa ya kutembea kwa haraka huenda isifikie hata chapati moja nene yenye mafuta. Huwezi kuishinda sahani kwa miguu peke yake. Lakini tembea kila siku, kwa sababu moyo unapata nguvu, shinikizo linashuka, na unalala vizuri. Sahani na miguu ni ng'ombe wawili wa plau moja. Ukimfunga mmoja tu, shamba halilimiki."

Kisha akamuuliza Mutembei alikula nini alipokuwa mvulana. Sauti ya Mutembei ililainika. Alisimulia kuhusu nyumbani kwao Kionyo, kwenye miteremko ya mlima. Alisimulia juu ya uji wa mtama, githeri ya mahindi na maharagwe iliyotokota usiku kucha, nduma za mtoni, maharagwe yaliyopondwa pamoja na majani ya kunde. Alisimulia jinsi marehemu baba yake alivyomtangulia njiani na kikapu cha majani chai mgongoni akiimba nyimbo za kanisani, naye akimfuata miguu peku, umande ukimlowesha magoti.

"Vyakula vizuri hivyo," Bi Safiya alisema. "Virudishe. Ila kumbuka, yule mvulana alipanda milima kutwa. Dereva akila sahani ya mvulana yule, atanenepa."

Mambo yalianza upya. Gladys alipika kwa mafuta machache, na nusu ya sahani ikawa mboga. Githeri na nduma vilirudi mezani, kwa kiasi cha kushibisha. Gatwiri alirudisha kiwango cha kwanza kwenye programu, naye Bi Safiya akakikagua. Soda ya mchana iliachwa. Jioni Mutembei aliegesha tuk-tuk, akatembea na binti yake mpaka jua likazama. Wiki nyingine mizani haikusogea kabisa na Gatwiri alinuna, lakini baba yake akamwambia, "Tulia. Leo nimepanda ngazi bila kushika ukuta."

Likizo ya Agosti ilipofika walikwenda Kionyo kumtembelea nyanya yake Gatwiri, mama yake Mutembei. Ukungu ulikuwa umelala juu ya michai, na jikoni moshi ulinukia kama zamani. Mutembei alikaa kwenye kigoda chake cha utotoni, akatazama mafiga.

Nyanya alipakua mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani. Akapakua, akaongeza, akashindilia kwa mwiko, akaongeza tena, mpaka sahani ikafanana na kichuguu.

"Mama, hii ni nyingi," Mutembei alisema. "Nipunguzie kidogo."

Mwiko ukasimama hewani. "Nipunguze? Umekonda hivi, halafu unakataa chakula changu? Au siku hizi mikono yangu inanuka?"

Gladys alitazama chini. Gatwiri alijua kwamba nyanya yake hakuwa na njia nyingine ya kusema anampenda mwanawe. Akajisogeza karibu naye.

"Nyanya, Baba alikuwa mgonjwa. Mimi nikamnyima chakula nikidhani namsaidia, akazimia akiendesha, tukaingia mtaroni. Sasa daktari amempa kipimo. Si kwamba hakipendi chakula chako. Njiani kote alikuwa anakisifu."

Nyanya alimtazama mwanawe kwa muda, machozi yakimlengalenga. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari hizo. Kisha polepole akarudisha mukimo sufuriani, kijiko baada ya kijiko, mpaka Mutembei akasema, "Hapo, Mama. Hapo panatosha."

Walikula wakizungumza mambo ya kale. Walipomaliza, nyanya alijifuta mikono kwa leso.

"Sikilizeni," alisema. "Nimefuga ng'ombe maisha yangu yote. Wa kwanza nilimnyima majani nikiyaweka akiba ya kiangazi, maziwa yakakauka, akadhoofika. Wa pili nikampenda kupita kiasi. Nilimfunga zizini, kazi yake ikawa kula tu, na siku ya kuzaa nusura nimpoteze. Huyu niliye naye leo nampimia chakula chake, na kila asubuhi anatembea hadi mtoni. Gatwiri, mjukuu wangu, ulikuwa na upendo lakini ukakosa subira. Mimi leo nilikuwa na upendo nikakosa kipimo. Afya inataka vyote: chakula cha kutosha, mwili unaofanya kazi, na moyo wa kungoja. Umenisikia?"

"Nimesikia, Nyanya."

"Na wewe, Mutembei, umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi inuka. Panga liko nyuma ya mlango, na ng'ombe wangu hajala tangu asubuhi."

Mutembei alicheka, akavua koti, akateremka kwenye mteremko hadi palipoota majani ya mifugo. Gatwiri alimfuata na kamba ya kufungia mzigo, na nyuma yao walimsikia nyanya akimwambia Gladys, "Mwache akate. Huyo ndiye kijana wangu."