Washa Yako Kwanza

Stendi ya Bariadi msimu wa pamba haina adabu. Malori yanapita yamesheheni, wapiga debe wanagombania abiria, vumbi linaingia mpaka kwenye maandazi. Hapo ndipo Imrani, fundi kutoka Mwanza aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, alipomkanyaga Justina huku amekumbatia boksi kubwa.

"We kaka, macho umeyaacha kwenye basi?"

"Samahani, dada. Naitafuta ofisi ya kiwanda cha pamba. Nimekuja kufunga mtandao."

Justina akajifuta vumbi kwenye sketi yake ya bluu, akacheka. "Basi nifuate. Karani wa ofisi hiyo ndiye uliyemkanyaga."

Miaka ile kila mwenye mtaji aliruhusiwa kununua pamba. Tajiri wa kiwanda hicho aliishi Mwanza, akataka aifungue kompyuta ya Justina akiwa huko huko, aone kilo zilizoingia. Imrani alifunga ruta, akamwomba mwenzake aliyeko Mwanza ajaribu kuingia. Ikagoma. Wakajaribu tena, ikagoma.

"Ruta ndiyo mlango," alimweleza Justina. "Mgeni akibisha kutoka nje, haijui ampeleke kwa nani. Sasa naiambia impeleke kompyuta namba mbili, ndiyo yako. Lakini ruta ikizimwa, inagawa namba upya. Namba moja ni ruta yenyewe, na kompyuta ya kwanza kuwashwa ndiyo inakuwa namba mbili. Kwa hiyo ikizimwa, washa yako kwanza, ndipo kompyuta ya stoo ifuate."

"Huwezi kuifunga namba yangu isihame?"

"Naweza."

"Sasa?"

"Nikiifunga, utanipigia simu kwa sababu gani?"

Justina akamrushia kifuniko cha kalamu. Laiti angemrushia kiti!

Namba ilihama mara kwa mara, na simu zikapigwa. Baadaye hata simu hazikutosha. Imrani akiwa Mwanza aliingia kwenye kompyuta ya Justina, mshale ukatembea wenyewe, ukafungua ukurasa mtupu, maneno yakajiandika: "Umekula, kipenzi?"

Justina naye aliandika chini yake: "Nimekula michembe yetu ya viazi vikavu, mpenzi. Wewe endelea na sato wako."

Walipendana hivyo, kwa maandishi yaliyofutwa kila jioni. Mwezi wa kwanza ulipoingia, Imrani akataka kuposa. Mzee Luhende, baba yake Justina, mfugaji wa Kimali, aliposikia mchumba ni Mwislamu alikuja mjini akamnyang'anya binti simu. Justina akaandika kwenye ukurasa wao: "Jumamosi naenda Kimali kumwomba baba. Jumatatu asubuhi ingia, uniulize."

"Ukininyamazia?"

"Nitakujibu, Imrani. Liwe ndiyo, liwe hapana, siwezi kukunyamazia."

Jumamosi hiyo mzee aliwahesabu ng'ombe mpaka wote walipoingia zizini. Kisha akasema, "Mkafunge ndoa bomani. Kila mtu abaki na dini yake. Ila ng'ombe wangu alete."

Jumapili radi zikanguruma, na mlinzi wa ofisi akachomoa kila kitu ukutani, kama afanyavyo mtu yeyote wa huku. Jumatatu Justina alichelewa. Alipitia saluni kutengeneza nywele, akavaa gauni jekundu ambalo hakuwahi kulivaa kazini. Kujipamba kwa ajili ya mtu asiyeweza kukuona! Mapenzi ni ujinga mtamu.

Gloria, karani mwenzake, aliwahi. Akawasha ruta, kisha akawasha kompyuta ya stoo, maana mtunza stoo, Deogratias, alikuwa likizo, akaketi kucheza karata za humo kwenye kompyuta. Mara mshale ukamponyoka, ukurasa ukafunguka: "Mpenzi, nimefika. Baba kasemaje?"

"Yesu wangu!" Gloria alikuwa amesikia kuna virusi vinavyokuja kama barua za mapenzi. Akafunga ukurasa haraka, akarudi kwenye karata. Ukafunguka tena: "Mpenzi, nijibu." Akaufunga. Ulipofunguka mara ya tatu, akachomoa waya. Hakumwambia mtu, asije akaambiwa ameua kompyuta ya ofisi kwa michezo.

Imrani aliona yote hayo akiwa Mwanza, akidhani ni Justina. Aliona swali lake la maisha likifungwa na karata zikiendelea.

Justina alikaa mbele ya kompyuta yake mpaka jioni, mshale haukutikisika. Simu yake ilikuwa bado kwa baba, akaenda kwenye kibanda cha simu, akapiga. Imrani alipoona namba ya Bariadi, akaikata. Akapiga tena, ikakatwa. Siku hizo mama yake Imrani alikuwa akimsifia Nasrin, binti wa mwenye duka la jirani, na kijana aliyeumia huwa hachelewi kusema ndiyo.

Msimu mpya wa pamba ulipofunguliwa, tajiri alijaribu kuingia akakuta hesabu za stoo badala ya kilo. Akamtuma fundi. Imrani aliingia ofisini na pete ya fedha kidoleni. Kabla hajaketi, simu yake ikaita. "Ndiyo, Nasrin. Usinyanyue ndoo, mama kijacho. Narudi leo leo."

Justina alimsogezea kiti. Hawakusalimiana sana.

Imrani akafungua ruta, akatazama. "Namba mbili ni ya stoo. Tangu Januari ni ya stoo. Justina, Jumatatu ile uliwasha yako kwanza?"

"Nilichelewa. Alinitangulia Gloria."

"Jamani," Gloria akasema kwa sauti ndogo, "kumbe vile virusi vilikuwa mtu?"

Hakuna aliyecheka. Imrani akamgeukia Justina, macho yamejaa. "Naomba uniambie. Ungenijibu nini siku ile?"

Moyo wa Justina ulitaka kupasuka. Alimpenda bado, alimpenda kuliko siku ya stendi, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni.

"Baba alikataa," alisema. "Ningekuandikia hapana."

Imrani akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Basi haikuwa riziki."

"Haikuwa riziki."

Akaifunga namba ya Justina isihame tena, akaaga, akatoka kuwahi basi.

Gloria alisubiri mlango ufungwe. "Shoga, mbona mzee Luhende alikubali? Wewe mwenyewe ulinililia hapa."

"Nyamaza, Gloria," Justina akasema, na machozi yakamshinda. "Mwenzake ana mimba."